Bolti ya Baba Mkwe

Baba mkwe wangu wa Nyololo ana bunduki moja kuukuu, na tangu nimwoe binti yake hakuwahi kuniruhusu niiguse. Sisemi kuifyatua. Nasema kuigusa. Nilikuwa nikifika kwake kutoka Mbeya, nikamkuta ameilaza mapajani anaifuta, anainuka kabla sijamaliza kupiga hodi, anaiingiza chumbani, nasikia ufunguo wa kabati la chuma unazunguka, ndipo anarudi barazani kunipa mkono na kuniuliza kama njiani kulikuwa na ukungu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, mtu ambaye hata kamba za viatu akifunga hazikai, yeye akiingia mzee hainuki. Anaendelea kufuta tu.

Lilikuwa linaniuma. Mimi ni fundi na muuza vipuri vya vyerehani Mbeya mjini. Kazi yangu tangu ujana ni vyuma vidogo vinavyoingiana. Babu yangu alipanda huku nyanda za juu na mzigo wa vitambaa kutoka pwani, akaoa, akazikwa hukuhuku. Mimi mwenyewe bahari nimeiona mara chache, na mara zote nilikuwa naogopa kulowesha suruali. Lakini ukweni mimi bado ni mtu wa pwani. Ni Mwislamu, na wao ni Walutheri wa viti vya mbele. Baba mkwe ni mzee wa kanisa. Hakuna aliyewahi kunitamkia neno baya. Posa yangu waliipokea vizuri, na kwenye harusi walicheza mpaka vumbi likatufukuza nje. Ila kila nilipokwenda pale nyumbani kulikuwa na kazi mbili tu za kwangu: kumchinja kuku ili niweze kumla, na kumla. Nilikuwa najifariji kwamba angalau kisu wananiamini nacho.

Mke wangu nilimlalamikia mara nyingi. "Baba yako ananiona mwizi?" Yeye alikuwa akijibu kwamba baba yake ni mtu wa mambo yake, nisimfikirie sana. Mimi nilimfikiria. Nilikuwa nikifungua cherehani cha mteja dukani, nikakaza skrubu mpaka ikakatika, kwa kumfikiria.

Kipupwe kilichopita mke wangu alinituma nimpelekee baba yake dawa za miguu, yeye akabaki na duka. Nyololo wakati huo hakufai kwa mtu mwenye masikio. Ukungu unatoka kwenye misitu ya misonobari, unavuka barabara kuu pamoja na malori, unaingia ndani ya sweta na kukaa humo. Nilimkuta mzee barazani, bunduki mapajani. Nikasimama mbali kidogo, nikatazama pembeni kama mtu aliyemkuta mwenzake anaoga, ili nimpe nafasi ya kuificha.

Hakuificha.

"Kamwene, mkwe," akanisalimu kwa lugha ya kwao. "Kaa hapa. Hii kitu imenishinda."

Nilikaa. Nikajifanya nahangaika na zipu ya sweta.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Bunduki ile ni ya kukoki kwa mkono: ina bolti, kile chuma chenye mpini ambacho unakiinua, unakivuta nyuma, unakisukuma mbele, halafu unakilaza, ndipo risasi inakaa mahali pake. Mzee anaimiliki kwa leseni tangu alipokuwa na nguvu zake, kwa ajili ya nguruwe pori wanaotoka msituni na kufukua viazi vya watu. Siku hizi hapigi tena, vidole vimejikunja. Lakini majirani wakifukuliwa viazi bado huja kwake kwanza, naye huvaa koti lake refu na kwenda kuona, na nadhani kwenda kuona huko ndiko kunakomtoa kitandani. Sasa alikuwa ameipeleka kituo cha polisi kwa ukaguzi. Askari wa silaha alijaribu kuvuta bolti, ikagoma. Akavuta kwa nguvu. Ilipokubali, ikatoka na kelele ya geti la zizi, halafu ikaanza kuchezacheza huku na huku mkononi mwake. Askari, kwa heshima zote, akamwambia mzee airudishe Jumatatu ikiwa nzima, la sivyo itabidi waitunze wao stoo.

"Ikiingia stoo haitoki," mzee akasema. "Stoo naijua."

Hapo mtu mwenye akili zake angesema: baba, tukatafute fundi mwenye kibali cha kazi hii. Mimi nilisema, "Baba, hiyo ni kazi ya nusu saa."

Sijui lilitoka wapi. Sikuwahi kushika bunduki maishani mwangu. Lakini ukimnyima mtu kitu kwa miaka, siku ukimwonyesha atakuambia anakijua kuliko wewe.

Mzee akaifungua mbele yangu, akanionyesha kwamba ni tupu, akaingiza kidole chake cha mwisho ndani kuhakikisha, akaniambia risasi zote ziko kwenye sanduku chumbani na ufunguo uko shingoni mwake. Kisha akanikabidhi, kwa mikono miwili. Niliipokea kwa mikono miwili na nusura niidondoshe, kwa sababu hakuna aliyewahi kuniambia kuwa bunduki ni nzito kiasi kile.

Nikavuta bolti. Ilikuwa kama kufungua dirisha la mbao lililovimba kwa mvua. Inakwama, inasogea, inakwama tena, na kwenye kiganja unasikia mikwaruzo. Ilipofika mwisho wa nyuma ikawa inacheza kweli: ukiigusa juu inashuka, ukiigusa kushoto inakwenda kulia. Nikatikisa kichwa kidaktari.

"Tatizo ni hili," nikasema. "Inacheza. Imelika. Chuma kikicheza hakiwezi kwenda sawa."

Kwenye cherehani huo ni ukweli mtupu. Sindano ikicheza hata kidogo mshono unaruka, na fundi nguo anakuja dukani kwangu na suruali ya mteja mkononi kunitolea maneno. Maisha yangu yote nimepigana na kuchezacheza. Kwa hiyo niliamua kwamba bunduki ni cherehani kirefu kisicho na meza, nikaendelea kwa msingi huo.

Shemeji alikuwa ameshafika. Ananunua na kuuza viazi, anakaa nyumba ya pili, na pua yake inajua kila tukio la pale kwao kabla halijatokea. Akavuta kigoda karibu.

"Shemeji, wewe nguruwe humli," akasema. "Sasa bunduki ya nguruwe inakuhusu nini?"

"Viazi nakula."

Mzee akakohoa. Kwa ninavyomjua, kile kilikuwa kicheko, na mimi kichwa kikavimba palepale.

Nilikata kipande cha bati jembamba kutoka kwenye kopo la soda, nikakinyoosha, nikakilaza kwenye mfereji ambamo bolti hupita, ili kizibe nafasi. Nilikuwa nafanya huku naeleza. Hiyo ni kasoro yangu nyingine, siwezi kufanya kazi bila kuhutubia. Nilimweleza mzee jinsi chuma kinavyozeeka. Nilimweleza jinsi mafundi wa siku hizi wanavyokimbilia kubadilisha vipuri badala ya kufikiri. Nilimweleza kwamba bati la kopo ni laini, linajipanga lenyewe. Mzee alisikiliza yote mpaka mwisho, mikono ameiingiza kwenye mifuko ya koti. Nikasukuma bolti.

Iliingia nusu, ikasimama.

Nikavuta, haikutoka. Nikasukuma, haikuingia. Bati lilikuwa limejikunja huko ndani na kujipanga lenyewe, kama nilivyoahidi. Nikaibana bunduki kwa magoti, nikaikumbatia, nikaweka mguu kwenye nguzo ya baraza, nikavuta mpaka nikaona nyota.

"Sukuma, mama, kichwa kinaonekana," shemeji akasema.

Mzee akainama, akaitazama bolti kwa karibu, akaigusa kwa kidole juu na chini.

"Sasa angalau haichezi," akasema.

Wakati huohuo simu ikalia. Ni mke wangu, anauliza kama dawa zimefika. Shemeji aliinyakua kabla yangu na kumwambia kwamba dawa zimefika ila mumewe ameshaimaliza bunduki ya baba.

"Nipe huyo," nikamsikia. Nikapewa.

"Umefanya nini?"

"Natengeneza."

"Nani alikuambia utengeneze?"

"Baba."

"Baba amekupa bunduki? Mkononi?" Nilikuwa nimejiandaa kwa ukali, na ukali haukuja. "Basi jitahidi usiiharibu," akasema taratibu, akakata.

Hapo niliogopa. Kabla yake nilikuwa na aibu tu, na aibu nimeizoea, ni kama mteja wa kila siku. Lakini niliiona Jumatatu ilivyo. Nilimwona mzee anaikabidhi bunduki dirishani kituoni na kurudi kwa miguu, mikono haina kitu, na majirani wakija kusema viazi vimefukuliwa hana cha kuvaa koti kwa ajili yake. Na aliyefanya hivyo ni mkwe, mara ya kwanza kabisa alipoaminiwa. Wangemwambia nini mtu wa namna hiyo? Wasingemwambia kitu. Wangempa kisu amchinje kuku, kama kawaida.

Tulimimina mafuta ya taa kila mahali yalipokubali kuingia, mzee akaifungia kabatini ilale hivyo, na mimi nikaenda kulala nikiwa nanuka kama jiko la mchina.

Asubuhi niliomba spoku ya baiskeli, nikaikunja ncha iwe kindoano, nikakaa barazani penye mwanga na kuanza kulivua bati kipande kwa kipande. Safari hii sikuhutubia. Midomo ilikuwa imekufa ganzi kwa baridi, hilo nalo lilisaidia. Jua lilipoanza kuupasua ukungu, kipande cha mwisho kikatoka, na bolti ikatoka nyuma yake, yote, mkononi mwangu.

Nikaifuta kwa kitambaa. Kitambaa kikawa rangi ya chai kavu. Nikafuta tena, rangi ileile. Nikakwangua kwa ukucha pembeni ya bolti na kukuta utando mgumu unaong'aa, wa njano unaokwenda kwenye kahawia, kama ule unaoganda ukingoni mwa kikaango ambacho hakisuguliwi. Ulikuwa kila mahali. Kwenye mfereji ulikuwa mnene kiasi kwamba spoku iliacha mstari. Na chini ya utando, hapa na pale, kulikuwa na madoa madogo ya kutu, kana kwamba mtu alikuwa na tabia ya kuiosha bunduki kwa maji.

"Baba, hii mlikuwa mnaiogesha?" nikauliza kwa utani.

Mzee aliingia ndani kutafuta kitambaa kingine.

Basi ugonjwa ulikuwa huo. Bolti haikuwa inagoma kwa sababu inacheza. Ilikuwa inagoma kwa sababu imegandiwa, na mimi jana yake nilikuwa nimemtibu mtu mwenye mafua kwa kumfunga mguu. Nikaomba mafuta ya taa zaidi. Nikatoa mswaki wangu mwenyewe kwenye begi, kwa sababu haukuwapo mwingine wa kufaa, nikausalimisha. Mzee alinikatia fito nyembamba ya mwanzi, tukaizungushia kitambaa, tukawa tunausugua mfereji kwa zamu. Shemeji alipita, akatutazama, akaenda zake kwenye viazi. Ukoko ulitoka polepole, unajikunja kama maganda ya kitunguu.

Niliposikia bado kuna mkwaruzo kidogo, nikachukua msasa laini na kuuelekeza kwenye zile nundu mbili za mbele ya bolti. Mkono wa mzee ukanidaka kifundo. Vidole vyake vilivyojikunja vina nguvu kuliko nilivyodhani.

"Hapo usiguse," akasema. "Hapo ndipo inapojifungia. Ukipalegeza hapo, siku ikipigwa itarudi usoni kwangu."

Nikaurudisha msasa kwenye begi, nikauzika chini kabisa, chini ya soksi. Kule kwingine penye kutu nikasugua kwa kitambaa na majivu, taratibu, mpaka kidole kikipita hakisikii kitu. Halafu nikatoa kichupa changu cha mafuta ya cherehani. Watu wengine husafiri na dawa ya kichwa, mimi husafiri na kichupa hicho. Ni mafuta mepesi, hayagandi kwa baridi, hayana harufu ya maana. Tone hapa, tone pale, nikayasambaza kwa kidole. Nikaingiza bolti.

Iliteleza. Nilivuta nyuma, nikasukuma mbele, na kwenye kiganja sikusikia kitu isipokuwa chuma kinapita juu ya chuma bila ugomvi. Nikarudia. Nikarudia tena na tena, nacheka peke yangu pale barazani kama mwehu. Lakini ilipokuwa nyuma, bado ilikuwa inacheza vilevile, juu na chini, kushoto na kulia. Furaha ikanipungua.

"Bado inacheza," nikamwambia mzee.

"Ifunge."

Nikaisukuma mbele, nikaulaza mpini. Nikaitikisa. Haikutikisika hata kidogo. Ilikuwa imeshika kama imechomelewa. Nikaifungua, ikacheza. Nikaifunga, ikatulia.

"Ndivyo ilivyozaliwa," mzee akasema. "Ikiwa wazi inalegea, ili hata mchanga ukiingia isikwame. Ikifungwa inashika."

"Sasa mbona jana hukuniambia, baba?"

"Ningekuambia saa ngapi? Ulikuwa unafundisha."

Jumatatu tulikwenda kituoni wote wawili. Mzee alivaa koti refu na kofia ya ibada. Mimi nilivaa uso wa mtu ambaye hakuhusika na lolote. Askari aliichukua, akaihakikisha kuwa ni tupu, akajiandaa kuvuta kwa nguvu kama siku ile, na bolti ikamfuata nyuma kwa wepesi kiasi kwamba nusura ajipige kiwiko ukutani. Akaisukuma mbele. Akaifungua, akaifunga, akaifungua, akaifunga. Niliuona uso wake na kuutambua, ulikuwa uso wangu wa juzi barazani.

"Mzee, hii sasa ni bunduki," akasema. "Nenda nayo nyumbani."

Njia nzima mzee alikuwa anatembea mbele yangu kwa mwendo wa mtu asiye na tatizo la miguu, na mimi nyuma yake nikajiona nimekua kimo. Tulipofika, kuku alikuwa ameshafungwa miguu ananisubiri. Nikamchinja kwa madaha. Mchana tukakaa mezani, mzee, shemeji na mimi, ugali, kuku wa kienyeji mwenye mchuzi wa nguvu, na togwa kwenye jagi. Nilikuwa na njaa, na nilikuwa na sifa, na vitu hivyo viwili vikikaa tumbo moja mimi huwa sina breki.

"Sasa ilikuwa na ugonjwa gani?" shemeji akauliza.

Angejua, asingeuliza. Nilinawa vidole, nikajiegemeza. Nikamsimulia ule utando, rangi yake, ugumu wake, jinsi nilivyougundua, bila kugusia kopo la soda hata mara moja. Halafu nikamgeukia mzee.

"Kwani, baba, ulikuwa unaipaka mafuta gani?"

"Alizeti," mzee akasema, anatazama ugali wake.

"Alizeti!" Nilipiga meza. "Ya kupikia? Hii hii iliyokaanga kuku? Ndiyo maana! Alizeti ikikaa kwenye chuma inaganda, inakuwa gundi. Alizeti ni ya maandazi, baba! Mtu anaipaka bunduki mafuta ya maandazi mwaka hadi mwaka, halafu anashangaa bolti inagoma. Askari angejaribu tena angetoka na kitumbua!"

Shemeji alicheka mpaka togwa ikampalia. Nilicheka naye, nafuta macho. Mzee hakucheka. Alikuwa anamega tonge, analiviringisha, halipeleki mdomoni.

Mama mkwe alikuwa jikoni. Yeye hakai kula pamoja na mkwe, ndivyo walivyo watu wa makamo yake, na kwa miaka yote hiyo mazungumzo yetu yamekuwa salamu na kuulizwa kama mboga imetosha, naye akiniuliza hutazama pembeni. Akaja mlangoni, amejitanda kitenge, akasimama akiutazama ukuta.

"Zamani hakuwa anapaka alizeti," akauambia ukuta. "Alikuwa anapaka mafuta ya nguruwe. Baba yake alimfundisha hivyo. Na ilikuwa inateleza yenyewe, hata mimi ningeivuta."

"Mama," mzee akasema.

"Mlipoleta posa akaacha. Alisema huyu kijana dini yake hairuhusu, na siku moja itabidi aishike, sasa ataishikaje? Mzee wa kanisa mzima akafunga safari mpaka kwa mwalimu wa madrasa, akamuuliza chuma kilicholoa mafuta ya nguruwe kinatakata namna gani. Akaambiwa kioshwe mpaka pasibaki kitu. Basi ikawa kazi yake. Anaosha kwa maji ya moto, anakausha, anapaka alizeti. Baadaye ananusa, anasema bado, yako ndani kwenye pembe. Anaosha tena. Akisikia unapiga hodi anaikimbiza kabatini, usije ukaishika kwa bahati mbaya nayo bado ina uchafu. Mimi nilimwambia, mwambie tu mkwe. Akasema nitamwambia ikishatakata. Safari hii ndiyo alinusa, akasema sasa nadhani tayari."

Akasubiri kidogo, kama kuna swali. Halafu akauliza kama mboga imetosha, na bila kungoja jibu akarudi jikoni.

Shemeji alikuwa ameacha kucheka. Mimi nilikuwa na tonge mkononi na mchuzi unanichuruzika kwenye kifundo, naona unavyoingia kwenye mkono wa shati, na sikuweza kuufuta. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Zile hodi zote. Ule ufunguo niliokuwa nausikia unazunguka, na mimi nasimama pale mlangoni najihesabia dhambi ambazo sikuwa nazo, halafu narudi Mbeya kumnunia mke wangu. Na ndani ya aibu hiyo nilifurahi, nilifurahi kama mtoto, nikawa sijui uso niuweke wapi.

Nilitafuta neno la kumwambia. Mimi, niliyelihutubia bati la kopo, nilikosa neno moja la kumpa mzee yule. Nikatafuta, nikatafuta, na kilichotoka kilikuwa hiki:

"Alizeti nayo si mbaya sana, baba."

Mzee alipeleka tonge mdomoni, akatafuna bila haraka, akameza.

"Imeniharibia bunduki," akasema. "Lakini si umeishika?"